Nakala Moja ya Mama

Jumamosi, 7 Machi

Mvua zimeanza leo, na kamati imeanza leo. Sijui kipi kitanilowesha zaidi.

Tumekutana palepale, chumba cha kungojea wagonjwa kwenye kliniki ya meno ya Mwenyekiti wetu, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka ameshika shavu. Viti vya plastiki kumi na viwili, picha kubwa ukutani ya gego lililopasuliwa katikati, na kona moja ya dari inavuja. Tukaweka ndoo chini yake, tukafungua kikao.

Jumuiya ya Sanaa, Fasihi na Mashairi ya Asia Kusini. Babu zetu walitoka huko, sisi tumezaliwa hapa, na kila mwaka tunakaa kukumbuka vitu ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuvijua. Mimi ni katibu. Hawakunichagua kwa ajili ya ushairi, maana hata hati ya Kiurdu siwezi kuisoma. Nina duka la kunakili na kuchapa. Yaani nina printa, na mwenye printa kwenye kamati hapumziki.

Ajenda ya kwanza ilikuwa mushaira, lile kusanyiko letu la mwaka ambapo washairi wanaghani kwa zamu na wasikilizaji wanawajibu. Itakuwa Jumamosi ya tarehe 23 Mei, ukumbi wa shule, saa nane mchana. Ajenda ya pili, kijitabu cha mashairi. Yote mawili yalichukua dakika kumi. Saa moja na nusu iliyobaki ilikwenda kwenye jina la jumuiya: je, baada ya "Sanaa" pawe na koma?

"Si koma," akasema mwalimu mstaafu wa lugha, yule ambaye akiwa hayupo tunamwita Sahihisho. "Ni mkato."

Nimeandika kwenye kumbukumbu za kikao: mjadala wa mkato unaendelea.

Jumanne, 10 Machi

Nilikuwa nafunga rimu za karatasi kwenye mfuko wa nailoni zisinywe unyevu, Mama akaja dukani na mwavuli wake, akaweka karatasi iliyokunjwa juu ya kaunta.

"Mpelekee Mwenyekiti."

"Ni nini?"

"Ghazali. Beti sita."

Mama ana miaka sabini na tisa. Kiurdu alifundishwa na baba yake, na kwa miaka mingi alikuwa mwanamke pekee anayeghani kwenye mushaira wetu. Mara ya mwisho ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Hakuna aliyemwambia aache. Walianza tu kusahau kumwita, naye akaanza kusema kwamba magoti yanamsumbua.

Nikamwomba anisomee. Alisoma amesimama, mkono juu ya mashine ya fotokopi. Nilishika nusu yake. Lakini mwisho wa kila ubeti, mahali ghazali inaporudia neno lake, lilikuja neno la Kiswahili, neno moja tu: bado.

"Mama, hilo si la Kiurdu."

"Nimetafuta la Kiurdu. Yapo yanayosema 'hadi sasa', yapo yanayosema 'si wakati'. Hakuna linalosema yote mawili kwa pumzi moja. Nimeishi hapa maisha yangu yote, sina haki ya neno moja?"

Nilimwomba anifasirie mwanzo wake, nikauandika nyuma ya risiti:

Nimefunga mlango, na mgeni hajatoka bado.
Chai imepoa mezani, na ulimi unaungua bado.

Mgeni ni Baba. Miaka kumi na tisa tangu tumzike. Nikajifanya natafuta stepla.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Mashine imekula karatasi mara nne.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemkabidhi Mwenyekiti ghazali ya Mama. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama yetu! Bado anaandika? Mashallah. Tutaangalia."

Nampenda Daktari. Ana sauti nzuri, anakumbuka magego ya kila mtu mjini, na hajawahi kumjibu mtu vibaya. Niliporudi Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

"Amesemaje?"

"Amefurahi sana."

Na huo si uongo.

Jumamosi, 21 Machi

Mkato umeshinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Shairi la Mama halikufikiwa. "Tutaangalia wiki ijayo," akasema Mwenyekiti.

Jumatatu, 23 Machi

Mama anaghani akikunja nguo. Anaghani akisubiri maji yachemke. Leo kanisimamisha mlangoni nikiwa nimeshachelewa dukani.

"Ubeti wa nne nivute pumzi hapa, au hapa?"

"Hapa," nikasema. Sikujua hata hapa ni wapi.

Jumamosi, 28 Machi

Akidi haikutimia. Tulikuwa watatu: mimi, Sahihisho, na yule muuguzi anayepiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za kupigwa kwa vidole, ambaye namwita Vidole kwa sababu hakuna meza asiyoigonga. Alipiga ndoo ya mvua kwa nusu saa huku tukisubiri. Msichana mzuri, lakini sijui kama kuna siku anachukulia kitu kwa uzito.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimeudhika hata kalamu inatoboa karatasi.

Sahihisho alikuja na mashairi yote ameyanakili upya kwa mkono wake, tayari kwa kijitabu. Mwandiko wake ni kama umepigwa rula. Ishirini na tisa. La Mama halimo. Karatasi yake ilirudi na wino mwekundu: kila "bado" imekatwa, na pembeni ameandika kitu ambacho sikuweza kusoma.

"Umeandika nini hapa, Mwalimu?"

"Nimeandika: si lugha ya ghazali."

"Neno moja."

"Neno moja, mara saba. Ubeti wa kwanza ni mara mbili. Ghazali ina adabu zake, Katibu. Leo 'bado', kesho mtu ataniletea 'karakana'."

Vidole akacheka. Mimi nilimgeukia Mwenyekiti. Nilitaka aseme kitu. Alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya koti jeupe, anafuta, anafuta.

"Mwenyekiti, huyu ni Mama. Ameghani kwenye jumuiya hii kabla wewe hujaota meno ya utu uzima."

"Dada yangu, nani anabisha? Mama ni Mama. Mwalimu naye ana hoja. Tutaangalia."

Nimerudi kwenye kumbukumbu za mwaka huu na kuhesabu. "Tutaangalia" imetokea mara thelathini na tatu. Hakuna hata moja iliyorudi kwenye yatokanayo.

Nyumbani nilimkuta Mama amevaa miwani, anangoja.

"Vipi?"

Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na nilikuwa nimebeba ile karatasi yenye wino mwekundu ndani ya mkoba.

"Wamekubali," nikasema.

Akapiga makofi mara moja, kama mtoto. Halafu akaingia jikoni kunipashia chakula, na nikamsikia anaghani ubeti wa nne. Alivuta pumzi mahali nilipomwambia.

Jumapili, 5 Aprili

Nitarekebisha. Wiki saba ni nyingi. Nitazungumza na Mwenyekiti peke yake.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda kliniki saa ya chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa na mgonjwa. Nimengoja dakika arobaini chini ya lile gego. Mgonjwa akatoka, mwingine akaingia.

Jumanne, 14 Aprili

Nimempata. Nilimwambia kila kitu isipokuwa lile nililomwambia Mama.

"Kwenye kijitabu itakuwa vigumu, Mwalimu atajiuzulu," akasema. "Lakini siku ya mushaira, mwishoni, muda ukiruhusu, nitamwita jukwaani. Mimi mwenyewe."

"Unaniahidi?"

"Tu—" Akajizuia. "Muda ukiruhusu, dada."

Jumamosi, 18 Aprili

Kikao kizima juu ya mgeni rasmi akae kiti chenye mikono au kisicho na mikono.

Jumanne, 21 Aprili

Mama ameshona blauzi mpya. Anataka kujua yuko ukurasa wa ngapi.

"Thelathini na moja," nikasema. Kijitabu kina kurasa thelathini na mbili, na thelathini na moja ni ukurasa wa shukrani kwa wafadhili. Ndio uliokuja kinywani.

Jumatatu, 4 Mei

Siku tano mfululizo bila jua. Ukuta wa nyuma wa duka umeota ukungu. Kamati imebadilisha rangi ya jalada mara tatu.

Jumatano, 13 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo nitaliandika jinsi lilivyo.

Nimechapa vijitabu mia na ishirini. Mashine imefanya kazi tangu asubuhi, na safari hii haikula hata karatasi moja. Saa tisa nilikuwa nimemaliza kubana. Halafu nilifunga mlango wa duka, nikageuza kile kibao cha "Tumefunga", nikatoa ghazali ya Mama. Si ile yenye wino mwekundu. Ile ya kwanza, niliyokuwa nimejinakilia siku aliyoileta. Nikaiweka kwenye kioo, nikaipunguza iingie kwenye ukurasa, nikachapa karatasi moja mahali pa shukrani kwa wafadhili, nikaitia kwenye kijitabu kimoja.

Nakala moja ya Mama.

Nilijiambia kwamba ni zawadi. Nilijiambia kwamba watu wengine hawafungui ukurasa wa thelathini na moja. Nilijiambia kwamba muda utaruhusu, ataitwa, ataghani, watashangilia, na nani atauliza habari za karatasi.

Nikampelekea. Alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kukishika. Alikwenda moja kwa moja mwishoni, kisha akarudi kurasa chache nyuma.

"Mbona hawa wote ni mwandiko wa Mwalimu, na mimi ni mwandiko wangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kichwani mwangu hati zote zinafanana.

"Walisema mwandiko wako ni mzuri, hauhitaji kunakiliwa."

Alinitazama. Nilidhani ameshajua. Kumbe alikuwa anajizuia kulia.

"Mwalimu kasema hivyo?"

"Mwalimu mwenyewe."

Mungu anisamehe.

Alhamisi, 14 Mei

Mama amelala na kijitabu chini ya mto. Asubuhi kimekunjika jalada, ameniomba nimwekee kitu kizito juu yake.

Jumamosi, 16 Mei

Kikao cha mwisho kabla ya mushaira. Kwenye "mengineyo" nilisimama, nikamkumbusha Mwenyekiti mbele ya wote kuhusu Mama. Sahihisho akafunga kalamu yake. Mwenyekiti akasema wote tunajua jinsi anavyomheshimu Mama. Hilo si jibu, nikasema. Akasema kikao kimefungwa kwa sababu ya mvua.

Zamani nilidhani ni mpole. Sasa naona ni mtu anayeogopa kila aliye mbele yake, na anayemwogopa zaidi ndiye anayeshinda.

Jumamosi, 23 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia, miavuli imepangwa ukutani inadondosha maji. Mama alikaa safu ya pili, blauzi mpya, amevua viatu na kuviweka chini ya kiti, kama wanavyofanya waghani kabla ya kupanda kwenye zulia la jukwaani. Kijitabu chake kilikuwa mapajani ndani ya leso. Niliomba akiache humo.

Mgeni rasmi alichelewa saa moja na robo. Alipofika, Mwenyekiti alimkaribisha kwa dakika thelathini na tano. Nilisimama kando ya kipaza sauti na orodha ya waghani mkononi, nikimwonyesha saa yangu. Alinitabasamulia kwa adabu zake zote. Halafu mgeni rasmi akashukuru kwa kukaribishwa.

Waghani wakaanza. Watu walikuwa wamechoka, na vijana, ambao Kiurdu hawakijui, walishangilia mahali pasipostahili, Sahihisho akawa anatikisa kichwa kila mara. Mghani wa tisa alipopanda, mama mmoja aliyekaa kando ya Mama alifungua kijitabu chake ili afuatilie. Mama akamwinamia. Sikusikia, lakini nilijua anachosema. Alikuwa anamwambia: fungua thelathini na moja, mimi nipo.

Yule mama akafungua. Wakaangalia pamoja. Mama akachukua kile kijitabu mkononi mwake, akageuza ukurasa mbele, akageuza nyuma. Akakirudisha. Akamgusa bega mzee wa safu ya mbele, akaomba chake. Akafungua. Akaomba cha tatu.

Nilikuwa mita tano kutoka kwake, nimeshika orodha. Sikwenda. Ningeweza kusema nilikuwa na kazi ya kuita majina.

Alifungua leso, akatoa chake, akakiweka wazi kando ya kile cha tatu. Akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Halafu akainua kichwa, hakumtazama Mwenyekiti, hakumtazama Sahihisho. Alinitafuta mimi.

Akavaa viatu. Aliinama kuvivaa taratibu, kimoja, cha pili, kwa yale magoti. Akatoka kwa mlango wa pembeni bila mwavuli.

Tabla ikakatika katikati. Vidole aliteremka jukwaani mbele ya watu wote, akanyakua mwavuli wa kwanza aliouona, akamfuata. Mwenyekiti akaniambia kwa kunong'ona, "Ita jina linalofuata, Katibu." Na mimi nikaliita.

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Nililiita.

Jumapili, 24 Mei

Hasemi nami.

Jumatatu, 25 Mei

Hasemi.

Jumatano, 27 Mei

Anapika, ananiwekea chakula, anaondoka mezani. Nilipiga magoti mbele yake jana mchana, nikasema nisamehe. Alinizunguka kama anavyoizunguka ile ndoo ya kudekia.

Vidole amekuja dukani. Alinieleza kwamba siku ile Mama hakulia njiani. Alimuuliza tu anajua kupiga mwendo gani kwa ghazali, na Vidole akampigia kwenye ukuta wa kituo cha basi hadi mvua ilipopungua. Huyu ndiye niliyesema hachukulii kitu kwa uzito.

Ijumaa, 29 Mei

Sahihisho alikuja. Nilidhani amekuja kulalamika kuhusu makosa ya uchapaji. Alitoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaifungua juu ya kaunta. Maneno, moja chini ya jingine, kila moja limekatwa.

"Ni nini, Mwalimu?"

"Kumi na moja. Nilijaribu maneno kumi na moja mahali pa 'bado' yake. Nilijaribu kwa wiki mbili. Hakuna linalokaa."

"Sasa kwa nini ulilikataa?"

"Kwa sababu hakuna linalokaa!" Akapiga kaunta. Sijawahi kumwona akipandisha sauti. "Maisha yangu yote nimefundisha kwamba lugha ile haikosi kitu. Ukikosa neno ni wewe hujasoma. Kisha bibi mmoja anaandika beti sita jikoni kwake…"

Nikamwambia aende akamwambie Mama mwenyewe.

"Siwezi," akasema.

"Basi na mimi siwezi kukusaidia, Mwalimu."

Akaikunja karatasi yake, akaondoka. Kwa muda nilimwonea huruma. Halafu nikakumbuka kwamba ananielewa vizuri: sote wawili tulikuwa na la kusema na tulinyamaza.

Jumatatu, 1 Juni

Mvua inapungua. Mama, akiwa amenipa mgongo, anaosha vyombo:

"Niwekee miadi kwa daktari wa meno."

Maneno ya kwanza baada ya siku tisa. Nikauliza jino gani. Akaendelea kusugua sufuria.

Alhamisi, 4 Juni

Nimempeleka saa nne asubuhi. Chumba cha kungojea kilikuwa na watu saba. Fundi magari mwenye shavu kama kitumbua, mama na bintiye, wanawake wawili wa ofisini, mzee mmoja, na muuza simu ambaye simu zake hazikuacha kulia. Vidole alikuwepo pia. Nilidhani ni bahati tu, hadi nilipoona Mama akimpa ishara kwa kichwa.

Mwenyekiti alitoka mwenyewe kumpokea. "Shikamoo Mama! Karibu, karibu." Akanikwepa macho.

Mama alikaa kwenye kile kiti, kikalazwa, taa ikashushwa.

"Haya, Mama. Fungua mdomo."

"Nitafungua. Inua kiti kwanza."

"Mama?"

"Inua kiti. Na mlango uache wazi. Nina beti saba. Nikimaliza, utaangalia. Si ndiyo kazi yako, kuangalia?"

"Mama, kuna wagonjwa wanangoja."

"Nao wana masikio."

Daktari akanitazama, kama kunitaka nimwokoe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Safari hii niliingia ndani, nikajibana kando ya ukuta, mlango nikauacha wazi. Akakanyaga pedali, kiti kikainuka.

Mama akavua viatu.

Alianza kwa sauti ya chini, na huko nje nikasikia vidole viwili vikigonga kiti cha plastiki, taratibu, vikimfuata. Ubeti wa kwanza, bado, bado. Simu ikalia, ikazimwa. Ubeti wa pili, bado. Watu wale hawakujua neno la Kiurdu, lakini lile moja walilijua, na walishaanza kuliona linakuja. Mwisho wa ubeti wa tatu fundi magari, na shavu lake lote, akalisema pamoja naye: "bado." Ubeti wa nne wakawa wanne. Wa tano chumba kizima. Wa sita walilisema hata kabla yake, naye akawaachia, akavuta pumzi, na nikaona kwamba pale nilipomwambia avute si mahali pake hata kidogo. Alikuwa amepata pake.

Sahihisho angezimia. Au angelia. Sijui tena.

Wa saba sikuujua. Ni mpya. Niliomba anifasirie baadaye lakini hakukubali, kwa hiyo Vidole, aliyekuwa amefasiriwa na Mama wakati wa mazoezi, ndiye aliyenisaidia:

Wamefunga kitabu, wamesema majina yamekwisha.
Mimi nimeketi na viatu vyangu chini ya kiti, sijaitwa bado.

Huko nje walipiga makofi. Yule binti mdogo alipiga miguu pia. Daktari alikuwa amesimama na kile kioo chake kidogo mkononi. Kisha akasema lile ambalo msikilizaji wa mushaira anamwambia mghani akiguswa kweli.

"Rudia, Mama. Huo wa mwisho, rudia."

"Hapana," akasema Mama. Akalala chali, akafungua mdomo.

Daktari aliangalia juu, akaangalia chini.

"Mama, meno yako hayana tatizo lolote."

"Najua. Nayapiga mswaki."

Njiani nilimshika mkono kwenye matope. Hakuutoa.

"Daktari nimemalizana naye," akasema. "Mwalimu ni mtu baki. Lakini wewe, mwanangu. Wao walininyima. Wewe ulinionea huruma, ukanifanya mtoto wa kudanganywa kwa karatasi. Hilo ni kubwa kuliko lao."

"Najua, Mama."

"Hujui. Endelea kulifikiria."

Jumamosi, 6 Juni

Nimepeleka barua ya kujiuzulu. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akasema nifikirie tena, kwamba mwaka ujao Mama atafungua mushaira, kwamba ataliweka kwenye ajenda. Nikamwambia aliandike mwenyewe, kamati haina katibu.

Jumatatu, 15 Juni

Jua. Nimetoa karatasi zote nje ya mfuko.

Ijumaa, 19 Juni

Mama amekuja dukani na daftari nene lenye jalada la kitambaa. Mashairi arobaini na moja. Sikujua yapo.

"Chapa. Usimpe Mwalimu. Ishirini."

Nimechapa tangu saa tatu. Nilipomaliza kubana, nikampangia vitabu kwenye kaunta. Hakuvichukua. Alivuta kigoda, akavaa miwani, akafungua cha kwanza na kuanza kugeuza, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwisho. Akachukua cha pili. Nikaelewa anachofanya. Wateja waliingia na vitambulisho vyao na vyeti vyao, nikawahudumia kwa kunong'ona. Cha kumi na nne alinirudishia: ukurasa mmoja ulikuwa kichwa chini. Nikaufungua, nikaurekebisha, akakagua kile tena tangu mwanzo.

Saa kumi akaweka chini cha mwisho.

"Viko ishirini," akasema. "Na vyote vinafanana."

"Viko ishirini, Mama."

Akachukua kimoja, akanisukumia upande wangu wa kaunta.

"Hiki chako. Lakini huwezi kukisoma."

"Siwezi."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kulia kabisa, juu ya herufi ya mwanzo. Kijana mmoja mlangoni akauliza kama tunanakili pande mbili. Nikamwambia asubiri kidogo, nikavuta kiti.